Jodari wa Jumatano ya Majivu

"Pilipili yako leo kali, mama," fundi mmoja wa mjengo aliniambia, amesimama mbele ya karai langu na kipande cha jodari mkononi. Nikacheka, nikampa ndimu. Sikuwa nimetia pilipili hata chembe.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 5 Machi 2025, Jumatano ya Majivu, siku ya kwanza ya Kwaresima, na Waislamu walikuwa kwenye siku za mwanzo za Ramadhan. Mwaka umepita na bado likinijia lile neno la fundi nasikia shingo ikiwaka moto.

Mimi ni mama karanga hapa Shella, Malindi. Nyinyi wa bara msidhani nauza njugu. Mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki pale wanaposhukia, akamkaanga, akamuuza kando ya njia. Nina makarai mawili, jiko ninaloliwasha kwa vifuu, meza ambayo mguu wake mmoja ni tofali, na daftari la madeni. Mimi Mkatoliki, na wateja wangu karibu wote ni Waislamu. Miaka yote hilo halijawahi kutuletea neno. Wao hunituma ndimu, mimi huwatuma watoto wao dukani. Hata kuapa twaapa pamoja. Padri ashatukataza kusema "wallahi", lakini ulimi wa pwani haumsikii padri.

Sasa jodari. Jumanne jioni nahodha mmoja alichelewa kurudi, akawa ataka kwenda zake nyumbani, akaniachia kilo sita kwa shilingi 2,400. Bei nzuri mno. Ningejiuliza kwa nini, lakini nani hujiuliza akipewa bei nzuri? Nikamtia kwenye ndoo na barafu, nikaiweka kwenye friza ya jirani. Saa tatu usiku stima ikapotea, ikarudi karibu na adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilikwenda misa ya mapema, nikapakwa majivu, nikaambiwa mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Nikatoka nimetulia kabisa. Jua la mwisho wa kaskazi mwalijua, saa tatu asubuhi mchanga washaunguza. Nikaifungua ndoo. Barafu yote maji, na maji yenyewe yana wekundu. Nikabonyeza nyama kwa kidole, kishimo kikabaki palepale, hakikurudi. Nikanusa. Hakuwa ameoza, la, aliyeoza hata paka humjua. Alikuwa na harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho.

Nilijua. Nisijifanye hapa kwamba sikujua. Nilivitia viungo vyote nilivyokuwa navyo: kitunguu saumu, tangawizi, bizari, ndimu saba. Samaki mzuri hahitaji ndimu saba.

Marehemu mama, ambaye kazi hii ndiyo aliyoniachia, alikuwa na sharti moja: kipande cha kwanza kikitoka karaini ni chako. Ukionje mbele za watu, kisha uuze. Siku ile sikuonja. Nilijiambia nimefunga.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu saumu ile haikunikataza. Kanisa letu Jumatano ya Majivu lataka wenye miaka 18 hadi 59 wale mlo mmoja kamili, na mingine miwili midogo isiyofika mlo mmoja ikijumlishwa. Nyama hapana, samaki ruhusa. Kuonja ukucha wa jodari kusingenitoa kwenye saumu yoyote ile. Ila mimi nimezaliwa na kukulia Shella, nafunga kama majirani zangu wanavyofunga, kutwa nzima bila tone la maji, na huwa naona fahari kidogo, niseme ukweli, wanaposema "huyu Mkristo lakini afunga kweli." Basi fahari ile ikanipa pa kujificha. Nina majivu usoni, nimefunga, nani angeniuliza mbona hujaonja?

Kufikia saa kumi na moja nilikuwa nimeuza vipande 23, shilingi mia mia, kwa watu kumi na wawili. Fundi peke yake ndiye aliyekula palepale. Wengine walichukua kwenye magazeti wakangoje maghrib.

Saa mbili usiku nikasikia hodi. Jirani yangu wa ukuta, mama mtu mzima ninayemwita Bi Mkubwa. Mkono mmoja ameshika bakuli la kaimati, mwingine ashikilia buibui, ahema. Mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na sita, amekula jodari, na haikupita nusu saa uso umemwiva mwekundu, mwili wamuwasha, moyo wampiga kama amekimbizwa. Wamempeleka kliniki, amepewa dawa, sasa ametulia. Nikangoja anitukane.

"Nimekuja mbio," akasema, "usije ukala wewe huyo aliyebaki. Kuna kitu. Nimekuwa nikiwaza huyu naye yuko peke yake, akizidiwa usiku nani atajua?"

Alikuja kuniokoa mimi! Nikamjibu, "Ahsante Bi Mkubwa, bado sijamla." Na hilo lilikuwa kweli. Ndilo neno la kweli pekee nililolisema siku ile. Akanikabidhi kaimati, akaenda kusali tarawehe.

Alhamisi sikutoka kuuza. Nilimfukia jodari aliyebaki nyuma ya nyumba, nikaweka jiwe juu kwa ajili ya paka. Mchana nikapita kliniki kama mtu anayemuulizia mgonjwa, na tabibu, mtu mpole, akanieleza bila kujua aongea na nani. Samaki wa jamii ya jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza nyama yao ikawa na kitu kiitwacho histamini. Mla humuwasha, humwiva uso, kichwa na moyo humgonga. Na kitu hicho hakifi kwa moto. Ukimkaanga hadi akawa mkaa, bado kimo. Barafu nayo haikitoi kikishaingia, dawa ni barafu tangu chomboni. "Wakati mwingine," akasema, "mlaji husikia samaki anawasha ulimi, kama ana pilipili."

Nilishukuru nikaondoka haraka.

Ijumaa kulikuwa na Njia ya Msalaba, na kabla yake padri alikuwa akiungamisha. Siri ya maungamo humfunga yeye, mimi hainifungi. Nikamwambia yote. Hakunihubiria. Aliuliza kwanza kama kijana amepona, kisha, "Pesa ziko wapi?" Zilikuwa pindoni mwa leso, shilingi 2,300, nilikuwa nazo palepale kiunoni. Akasema, "Basi zisilale tena kwako."

Nikamkumbuka Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili aliyeahidi kurudisha mara nne, nikapiga hesabu: 9,200. Nikanyamaza. Bora asilitaje yeye kama sikulitaja mimi.

Nilipotoka sikwenda Shella moja kwa moja. Nilishuka njia ya baharini nikaketi nje ya ile kanisa ndogo ya Wareno, yenye paa la makuti na makaburi uani, kwa sababu tu nilikuwa naahirisha hodi ya kwanza. Tulipokuwa watoto katekista alituleta pale akatusimulia kuhusu mmisionari Fransisko Ksaveri aliyepita Malindi mwaka 1542, akienda Goa. Mtu alikuwa amefia chomboni mwao wakamzika hapa, na Waislamu wa mji wakaona vyema jinsi Wakristo wanavyowazika watu wao. Ksaveri mwenyewe aliyaandika kwenye barua. Ukubwani niliisoma, na kuna jambo katekista hakutuambia. Mzee mmoja wa heshima wa Malindi alimuuliza: kwenu huko watu huenda kanisani? Kwa sababu hapa, alisema, ibada imepoa, mji una misikiti 17 na watu huenda mitatu tu. Wakajadiliana hawakukubaliana. Jibu la Ksaveri, kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, halinikai, mtakatifu au si mtakatifu. Mzee ameungulika moyo anauliza swali la kweli, wewe wamjibu hivyo?

Lakini lililonishika Ijumaa ile ni jingine. Wote wawili walikuwa wakihesabu mahudhurio. Na mimi Jumatano nilihudhuria, tena nilikuwa benchi la pili.

Haya, hodi. Nyumba kumi na mbili. Sitawapitisha zote, nyingine zilikwisha kwa dakika mbili. Fundi nilimkuta juu ya ngazi, akashuka, akachukua mia yake, akasema tumbo lake ni la zege, akapanda. Kijana wa tuktuk aliyenikuta njiani alidai na yeye shilingi 200. Nina hakika hakununua. Nilimwachia, sikuwa na uso wa kubishana na mtu juu ya uaminifu.

Ajuza mmoja wa kule nyuma ya msikiti alinisikiliza hadi mwisho, akaufunga mkono wangu juu ya noti. "Mwezi huu ni wa kusamehe, nimekusamehe. Pesa zako nenda nazo. Ila lile daftari lako, jina langu lina 350. Tulifute." Tukalifuta. Alinipa kalamu yeye mwenyewe.

Bi Mkubwa nilimwachia wa mwisho kwa woga. Nikamwambia nilijua tangu asubuhi. Nilirudia, maana mara ya kwanza alidhani nasema nimejua baadaye. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na vidole havikusimama. Akachambua, akachambua. Kisha: "Na mimi nilikuja kukuonya usile."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akapokea pesa zake, zote 300, akazihesabu. Sikuambiwa nimesamehewa. Nilipofika mlangoni akasema bakuli lake la kaimati lirudi, na lisirudi tupu, kwao bakuli halirudi tupu. Nikalirudisha na maembe. Ndivyo tulivyoanza upya, bila neno jingine.

Kuna mmoja ambaye hatukuanza upya. Huyu alinifungulia mlango nusu. Nilipotaja kwamba sikuonja kwa sababu ya saumu, akanikata: "Nyinyi na kufunga kwenu." Akafunga mlango. Kama si mwenyeji wa huku pengine hutalihisi neno lile. Shakahola si mbali na hapa. Tangu Aprili 2023, walipoanza kufukua, zaidi ya miili 400 ilitolewa msituni kule, watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, wakiwamo watoto wengi. Miili ililetwa hapa Malindi, hospitali. Jumuiya yetu ilikuwa ikipika chai kuwapelekea jamaa waliokuja kutafuta watu wao, na nakumbuka baba mmoja aliyeshika kikombe hadi kikapoa akiangalia rozari shingoni mwangu. Hakusema kitu. Kesho yake niliivaa ndani ya blauzi, na mpaka leo iko ndani. Sasa huyu mama nyuma ya mlango, ndugu yake alikuwa mmoja wa waliokwenda msituni. Na mimi nimekuja kumwelezea kosa langu kwa kutanguliza saumu. Pesa zake nilizipitisha chini ya mlango. Akipita penye karai langu hugeuza uso upande wa bahari, na sasa ni mwaka.

Biashara ilishuka wiki tatu hivi, nikakaanga viazi karai na bhajia, nikalipa deni la nahodha kidogo kidogo. Nahodha mwenyewe nilimuuliza juu ya barafu yake. Alikasirika, tukagombana, tukapatana. Sasa nikifika pale jeti nafungua mashavu ya samaki kabla ya kuuliza bei, na ndoo yangu hailali tena kwa friza ya mtu. Nanunua cha siku.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhan zimeingia tena wiki moja. Ijumaa ya kwanza nilifunga kama kawaida yangu, nikawasha jiko alasiri, nikatia tafi. Kipande cha kwanza kikatoka. Njia imejaa watu, wote wamefunga, kila mmoja aangalia karai kwa jicho la njaa. Nikavunja pembeni mwa mkia, nikatia kinywani, nikatafuna polepole, nikameza. Chumvi sawa. Hakuwashi.

Mjukuu mdogo wa Bi Mkubwa, wa miaka sita, alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Macho yakamtoka.

"Mama karanga amekula! Mama karanga amekula mchana!" Akakimbia nalo uchochoro mzima, nyumba hadi nyumba, na mimi na mwiko wangu nikimpigia kelele amwambie nyanyake alete bakuli, tafi tayari.