Fagio la chelewa lilivyonisaidia kuuonyesha moyo wa Rajabu

Kikundi chetu cha maigizo hufanya mazoezi jioni, uani kwa mama mmoja Manzese. Mwaka jana tulikuwa na igizo la Rajabu, aliyeuza kwa siri kiwanja cha familia kilichoko Mbagala, asimwambie hata mama yake mzazi. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri: sebule, kochi, pazia, chai, mazungumzo ya kila siku. Uhalisia mtupu. Tatizo lilikuwa usiku, Rajabu anapobaki peke yake na siri yake. Mwigizaji alilia, akajipiga kifua, akasema na ukuta, na mimi sikumwamini.

Mwenzangu akashauri tumwongezee maneno aeleze yote. Nilikataa. Mtu anayeficha jambo namna ile hulificha hata kwake mwenyewe, atalielezaje?

Aliyenifungua macho ni Strindberg, mwandishi Mswidi wa tamthilia. Katika Miss Julie, ya mwaka 1888, bwana mwenye nyumba haingii jukwaani hata mara moja. Zipo buti zake tu, na kengele ya kumwitia mtumishi. Lakini Jean, mtumishi mwenyewe, kengele ikilia jeuri yote humwisha. Freud, daktari aliyechunguza nafsi na ndoto za watu, alikuja kumpa jina mkaripiaji huyu anayeishi ndani ya mtu: supaego. Strindberg alikuwa ameshamtia ndani ya jozi ya buti.

Basi nikaanza kutafuta buti za Rajabu, nikazipata kwenye fagio la chelewa. Sehemu ya kwanza, asubuhi, mama anafagia nje. Hasemi neno. Shwaa, shwaa. Ndani, Rajabu anainua kikombe cha chai, kinaishia njiani.

Usiku ulihitaji njia nyingine, na Strindberg huyohuyo ndiye aliyeifungua, kwa tamthilia ya ndoto aliyoiandika 1901. Humo wahusika hugawanyika na kuungana kama ndotoni. Ekspreshonizimu, mtindo wa sanaa unaoonyesha yaliyo moyoni mwa mtu, ilipita mlango huo: jukwaa haliigi tena nyumba, linaonyesha nyumba kama anavyoiona anayeteseka. Freud naye, katika kitabu chake cha ndoto cha 1900, anaeleza kwamba ndoto hukitwisha kitu kidogo uzito wa jambo kubwa, na huweza kuwachanganya watu wawili katika sura moja. Nilifuata yote mawili. Fagio likasikika usiku wa manane, mfagiaji haonekani. Halafu mnunuzi wa kiwanja akaingia amevaa kofia ya marehemu baba yake Rajabu, akawa anaipima sebule kwa hatua, kimya.

Ngoma tuliipata kwa O'Neill, mwandishi Mmarekani wa tamthilia. Katika The Emperor Jones, ya 1920, ngoma huanza kwa mapigo 72 kwa dakika, kama moyo uliotulia, kisha huongeza kasi kadiri Jones, mhusika mkuu, anavyozidi kupotea msituni. Tulipima kwa saa ya simu. Mpigaji wetu amezoea vigodoro, ngoma za mtaani za kukesha, kwa hiyo mkono wake ulitaka kukimbia mapema. Jioni tatu nilikaa ubavuni kwake, nikimgusa bega kila anapochapuka. Mwigizaji nilimwambia asilie kabisa. Azibe masikio tu.

Kuna aliyeniambia haya ni mambo ya Ulaya. Nilimkumbusha Mashetani, tamthilia ya Mtanzania Ebrahim Hussein, ya 1971: vijana wawili wanacheza mchezo wa shetani na binadamu, na mmoja wao, Kitaru, mchezo ule haumwachi. Hapa kwetu tumeyajua haya muda mrefu.

Kosa nililolifanya ni kujaribu kuitia ndoto tangu mwanzo. Ilipwaya. Mtazamaji lazima kwanza akae kwenye lile kochi, aizoee ile chai, ndipo nyumba ikianza kupasuka naye ashtuke. Nikarudisha sebule kama ilivyokuwa, hadi vitambaa vya kochi.

Siku ya zoezi la mwisho mwenye ua alikuja na kigoda chake, akakaa nyuma kabisa. Fagio lilipoanza kusikika gizani, aligeuka akatazama mlangoni kwake, pale anapoegemezaga fagio lake.