Sisi ndio wananchi. Sisi akina nani?

Tangu nipate uraia wa Ujerumani kuna neno la Kiswahili linalonikereketa: mwananchi. Uraia ni mambo ya makaratasi. Unafanya mtihani, unasubiri, unatamka ahadi, unakabidhiwa cheti. Lakini mwananchi ni mwana wa nchi, na uana hautolewi dirishani kwa karani.

Jirani yangu hapa Leipzig, mzee wa ghorofa ya chini, alikuwepo usiku wa tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 walipoandamana baada ya ibada ya maombi kanisa la Nikolai. Walipaza sauti: "Wir sind das Volk", sisi ndio wananchi. Walikuwa wanawaambia wakubwa wa chama cha kikomunisti waliotawala Ujerumani Mashariki miaka 40 kwa jina la wananchi bila kuwauliza. Askari walikuwa tayari na silaha, hawakufyatua. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguka. Mzee akisimulia, macho humlengalenga. Nimeisikia mara nyingi na sijaichoka.

Mwaka 2014 maneno yaleyale yakaibuka Dresden, kwenye maandamano ya Pegida, vuguvugu la kuwapinga wahamiaji. Hata herufi haikubadilika. Kilichohama ni mkazo: zamani ulikuwa kwenye "wananchi", sasa uko kwenye "sisi". Na mwanasiasa akishajitangaza sauti pekee ya wananchi, mpinzani anakuwa msaliti, na jaji anayemkatalia anakuwa adui wa umma.

Wala huhitaji kuona kifaru cha jeshi barabarani ndipo ujue demokrasia inavunjwa. Hungary, mwaka 2010, mwanasiasa Viktor Orbán na washirika wake walipata takriban asilimia 53 ya kura, mfumo wa uchaguzi ukawapa zaidi ya theluthi mbili ya viti. Wakaandika katiba mpya peke yao. Umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 62, majaji wazee wakajikuta nje. Kura, saini, muhuri, basi. Hapa Ujerumani walijifunza: Desemba 2024 bunge liliingiza kwenye katiba yenyewe idadi ya majaji 16 wa Mahakama ya Katiba na muhula wao wa miaka 12. Kabla ya hapo wingi wa kawaida tu bungeni ungetosha kuyageuza hayo. Naliunga mkono, ila hasira ya watu haifungiwi kwa kifungu cha katiba.

Maana hasira ya mzee ina chanzo. Baada ya 1990 viwanda vya mashariki vilifungwa kimoja baada ya kingine, na vijana wakahamia magharibi. Yeye fundi mzima aliambiwa ujuzi wake umepitwa na wakati.

Februari 2025 nilipiga kura kwa mara ya kwanza. AfD, chama kinachopinga wahamiaji, ikapata asilimia 20.8 nchi nzima, na katika jimbo letu la Saxony zaidi ya theluthi moja. Mzee hakunificha kwamba aliipigia kura.

"Wewe si miongoni mwa hao tunaowasema," aliniambia, amenishikia mlango wa jengo.

Nikamuuliza hao ni akina nani.

"Wasiofanya kazi."

Basi tukaanza kuwahesabu majirani wa kigeni, ghorofa kwa ghorofa. Dereva wa tramu? Hapana, huyo siye. Muuguzi wa zamu ya usiku? Siye. Wale wanafunzi? Nao hapana. Tulifika ghorofa ya juu kabisa mikono mitupu, ndipo akasema mlango unaingiza baridi.