Shemeji, kukataa kunyanyua si uoga

Juzi kwenye grupu la ukoo nilieleza kwamba tulisimamisha kazi darajani kwa sababu ya upepo, tukakaa kwenye magari, na tulilipwa. Shemeji yangu wa Mbalizi akajibu: "Wazungu wamekulegeza. Huku mngekuwa mmeshamaliza." Watu wakaweka vicheko. Mimi sikucheka. Na kwa kuwa vijana wengi wa Mbeya na Iringa wananitumia ujumbe kuuliza kazi za mitambo huku Minnesota, Marekani, nawajibu wote kwa pamoja.

Naendesha kreni kwenye ujenzi na ukarabati wa madaraja. Nyumbani nilikuwa opareta wa eskaveta kwanza, baadaye kreni; barabara ya Tanzam naijua kuanzia Kitonga hadi Tunduma. Nilikuja na cheti na barua za wakandarasi, nikaambiwa havitambuliki. Nikaanzia chini kabisa, kupasua zege bovu na kufagia vifusi. Mtu niliyefundisha vijana kazi Makambako naelekezwa na mtoto wa miaka 20 namna ya kushika fagio! Bado linaniuma, silifichi. Kreni ya ujenzi huku huigusi bila cheti chao, mtihani wa kuandika na wa vitendo, tena kwa aina ile ya kreni uliyofanyia mtihani. Baada ya miaka 5 kinakwisha, unalipa upya. Pesa niliyolipa mwaka huu, pale Iwambi ingeshusha mchanga na tofali za kutosha kuinua chumba.

Lakini cheti kilipotoka nilikuta kitu ambacho nyumbani sikuwahi kupewa. Sheria yao ya usalama inasema opareta atii ishara ya kusimama bila kujali nani ameitoa, awe injinia, awe kibarua aliyeanza kazi asubuhi hiyo. Na opareta akiona hatari ana haki ya kukataa kunyanyua mpaka mtu mwenye sifa athibitishe kuwa pako salama. Mara ya kwanza nilipokataa, foremani alikuja mpaka mlangoni kwa kreni. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza, "Umeona nini?" Nikamwonyesha ardhi inavyodidimia chini ya mguu mmoja wa kreni. Akaagiza mabamba mapana zaidi, tukatandika, tukaendelea. Hakuninunia hata siku moja.

Nyumbani utingo akipunga mkono kwamba waya wa umeme uko karibu, opareta anamtazama bosi kwanza. Nimefanya kazi hivyo miaka, najua ninachosema.

Sasa kuhusu upepo, shemeji. Boriti la daraja likiwa hewani linashika upepo kama tanga la jahazi, linavuta mkono wa kreni pembeni, na mkono ule haukutengenezwa kuvutwa pembeni. Halafu kreni iliyoandikwa tani 100 ubavuni haibebi tani 100 kila mahali. Inazibeba karibu na miguu yake tu. Kadiri mzigo unavyokwenda mbali ndivyo uwezo unavyoporomoka, na hesabu yote imo kwenye jedwali ndani ya mtambo. Maopareta wangapi huko wameonyeshwa jedwali hilo? Wengi wanaijua namba ya ubavuni, basi.

Na mzigo hauishii kwenye ndoano. Tarehe 1 Agosti 2007, hapa Minneapolis, daraja la I-35W lilianguka katika mto Mississippi jioni watu wakirudi makwao. Walikufa 13. Uchunguzi ulikuta kwamba mabamba ya kuunganisha vyuma yalikuwa membamba kuliko inavyotakiwa tangu lilipochorwa, na siku hiyo mitambo na marundo ya mchanga na kokoto za ukarabati vilikuwa vimerundikwa juu ya sehemu ileile dhaifu. Kwenye saiti zetu hakuna anayemwaga kokoto darajani kabla injinia hajapiga hesabu. Nyumbani lori la Kongo linapimwa kwenye mzani, mwisho tani 56, likizidi ni faini. Lakini daraja lilelile likiwa kwenye matengenezo nimeona moramu ikimwagwa katikati, rola imepaki hapo, kreni nayo imepanda, na hakuna aliyeuliza jumla ni tani ngapi. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, maana ndugu zangu wanapita hapo na mabasi.

Msidhani huku ni peponi. Machi 2024 kule Baltimore meli iligonga nguzo ya daraja usiku, likaanguka. Polisi waliwahi kuzuia magari, ila mafundi waliokuwa wakiziba mashimo juu yake hawakufikiwa. Walikufa sita, wote wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Zamu ya usiku darajani, mara nyingi ni watu kama sisi.

Kwa anayekuja: mwambie mkandarasi akuandikie saa ulizofanya na aina ya mtambo, maana barua ya "ni kijana mwaminifu" haisaidii. Jifunze ishara za mikono za kuongozea kreni ukiwa hukohuko, na Kiingereza cha namba na vipimo, futi na ratili pia. Ukifika ulizia chama cha maopareta; hapa ni IUOE Local 49, wana mafunzo ya uanagenzi ambapo unalipwa huku unajifunza. Malipo ya siku ya upepo hayakuletwa na huruma ya tajiri, chama ndicho kilichoyapigania. Na usifike Novemba. Baridi ikikaza kazi nyingi za zege husimama, wengi tunarudishwa nyumbani mpaka theluji iyeyuke, na kodi ya nyumba haisubiri. Fika Machi, ukiwa na akiba ya miezi miwili mitatu.