Milimita 597: kwa reli nyembamba kutoka Caernarfon hadi Blaenau Ffestiniog

Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ina upana, yaani geji, wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina 1,067, na SGR 1,435. Pale stesheni ya Caernarfon, kaskazini-magharibi mwa Wales, kuna 597. Mtu mzima anaweka mguu mmoja nje ya chuma cha kushoto na mwingine nje ya chuma cha kulia bila kujitanua. Behewa lenyewe limezidi reli pande zote mbili, na ukilitazama kwa mbele unashangaa haliegemei upande.

Kutoka hapa hadi Blaenau Ffestiniog ni karibu kilomita 62, ila ni reli mbili tofauti zilizounganishwa mjini Porthmadog. Ya kwanza, Welsh Highland, ina kilomita 40. Ya pili, Ffestiniog, ina 21.7. Zote mbili zinawezekana kwa siku moja ukiondoka na treni ya asubuhi, kwani kipande cha kwanza peke yake kinakula zaidi ya saa mbili. Angalia ratiba kabla ya kukata tiketi: nje ya miezi ya watalii kuna siku ambazo hakuna treni kabisa.

Injini iliyotuvuta ilikuwa Garratt ya aina ya NGG16, ya tani zipatazo 62, iliyotumika Afrika Kusini kwenye reli za Natal. Umbo lake msomaji wa Nairobi atalitambua mara moja. Boila limening'inizwa katikati, juu ya fremu iliyoegemea mitambo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja na magurudumu na silinda zake. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, tanuri la moto hupanuliwa na kushushwa chini vya kutosha, na injini ndefu inajikunja kwenye kona kama siafu. Injini namba 143 ya reli hii ilitengenezwa mwaka 1958 katika kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, na ndiyo Garratt ya mwisho kutoka kiwandani hapo. Miaka michache kabla, 1955 na 1956, kiwanda hicho hicho kiliunda Garratt 34 za aina ya 59 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, tani 252 kila moja, zikapewa majina ya milima yetu. Mojawapo, namba 5918 Mount Gelai, imesimama kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Ukoo ni mmoja. Geji ndiyo iliyomfanya huyu wa Wales abaki mdogo.

Kilomita tano za mwanzo, hadi Dinas, hazina cha kusimulia sana. Tuta lilikuwa la reli pana iliyofungwa mwaka 1964, ndiyo maana linaonekana kubwa mno kwa vyuma vyembamba vilivyo juu yake. Zamani reli nyembamba ilianzia Dinas, na mzigo wote ulihamishwa kwa mikono kutoka matoroli madogo kwenda mabehewa makubwa. Kasoro hiyo iliziandama reli nyembamba nyingi: akiba uliyoipata kwenye ujenzi unairudisha kidogo kidogo kama ujira wa wapakuzi.

Baada ya Dinas kupanda kunaanza kweli. Sehemu kali zina mteremko wa 1 kwa 40, yaani kila mita 40 unapanda mita moja, na njia inazungukazunguka mbavu za Yr Wyddfa, mlima wa mita 1,085, mpaka kilele cha reli baada ya Rhyd Ddu, mita 198 tu juu ya bahari. Hapa udhaifu wa Garratt huonekana. Tangi la maji na ghala la makaa vimekaa juu ya magurudumu yanayovuta, kwa hiyo kadiri safari inavyoendelea na maji yanavyopungua, uzito unaokandamiza magurudumu nao unapungua. Reli ikiwa na umande, gurudumu linateleza na moshi unatoka kwa fujo badala ya kwa mapigo. Dereva anabana mvuke, anamwaga mchanga mbele ya gurudumu, kisha anafungua tena taratibu.

Historia ya kipande hiki ni ya kufilisika. Sehemu ya kaskazini ilianza mwaka 1877, lakini njia nzima hadi Porthmadog ilikamilika 1923, wakati mabasi yalikwisha kuwachukua abiria. Treni za abiria zilikoma 1936, za mizigo 1937, na 1941 vyuma viling'olewa kwa matumizi ya vita. Unachosafiria leo ni ujenzi mpya ulioanza Caernarfon mwaka 1997 na kufika Porthmadog mwaka 2011, sehemu kubwa kwa mikono ya watu wa kujitolea.

Kushuka kwenda Beddgelert ni kona juu ya kona, kisha mahandaki ya bonde la Aberglaslyn, kisha ghafla tambarare ya Traeth Mawr iliyowahi kuwa bahari. Kabla tu ya Porthmadog usisinzie: mahali paitwapo Cae Pawb reli nyembamba inakata reli pana ya taifa, chuma kwa chuma, kwenye usawa mmoja. Uingereza nzima hakuna makutano mengine ya namna hiyo ya geji mbili tofauti. Muda mfupi baadaye treni inapita darajani katikati ya barabara ya mji, magari yakisubiri.

Porthmadog unabadili treni, na unabadili karne pia.

Reli ya Ffestiniog iliidhinishwa na Bunge mwaka 1832, ikafunguliwa 1836, haikuwa na injini hata moja, na haikuhitaji. Kazi yake ilikuwa kuteremsha sleti, yale mawe ya kuezekea yanayopasuka kwa tabaka, kutoka machimbo ya Blaenau hadi melini. James Spooner alipima njia inayoshuka mfululizo, wastani wa 1 kwa 92, bila kipande kimoja kinachopanda njiani, isipokuwa mwanzoni kwenye mlima Moelwyn. Toroli lililojaa linajiendea lenyewe. Farasi wanahitajika kurudisha matupu tu.

Ukishika jambo hilo moja, mengine yote yanaeleweka. Kwa nini geji nyembamba? Kwa sababu mteremko usiovunjika unalazimisha njia ifuate mikunjo yote ya mlima, na geji ndogo inakubali kona ambazo reli pana ingehitaji kuzipasulia mwamba. Pia toroli dogo liliingia hadi ndani ya machimbo, likapakiwa hapo hapo, likashuka mpaka gatini bila mzigo kuguswa tena. Kwa nini vyuma vya mwanzo havikulazwa juu ya mataruma bali juu ya matofali ya mawe, kila upande na lake? Ili farasi apate pa kukanyaga katikati. Ambapo mteremko ulikatika, kwenye mlima Moelwyn, mwanzoni matoroli yalipandishwa na kuteremshwa kwa kamba, hadi handaki la mita 668 lilipokamilika mwaka 1842.

Kupanda na farasi kulichukua karibu muda wa saa sita pamoja na mapumziko. Kushuka, saa moja na nusu. Na farasi je? Naye alishuka kwa treni, amesimama ndani ya toroli la chini lililofungwa mkiani, anakula nyasi. Wasimamia breki walikuwa juu ya mzigo. Si kila toroli lilikuwa na breki, kwa hiyo waliruka kutoka moja hadi jingine wakiwa mwendoni, wakikaza huku na kulegeza kule, na tarumbeta ndiyo iliyokuwa honi. Treni za namna hiyo ziliendelea hadi 1939, muda mrefu baada ya injini kufika.

Injini zilifika 1863, zilizoundwa na George England wa London, na abiria wakaruhusiwa rasmi 1865. Mabehewa ya mwanzo ya abiria bado yapo. Inama uingie. Kiti ni kimoja kirefu katikati, abiria wanapeana migongo na kutazama nje, magoti karibu yaguse mlango. Kukaa kwa raha hakukuwa hoja: sakafu ilishushwa ili uzito ukae chini na behewa lisipinduke kwenye kona. Mwaka 1872 yalikuja mabehewa marefu yenye fremu ya chuma na magurudumu ya kujizungusha chini ya kila ncha, ya kwanza ya aina hiyo Uingereza, na tatizo hilo likaisha.

Injini ya kutazama hapa ni Fairlie ya pande mbili. Ukiiona Merddin Emrys, iliyoundwa 1879 katika karakana ya reli hii hii, Boston Lodge, utadhani ni injini mbili zilizogongana kisogo kwa kisogo. Boila ni moja, lina bomba la moshi kila ncha, na matanuri mawili ya moto yamekaa katikati. Chumba cha dereva kimepasuliwa na boila: dereva upande mmoja, mchochea makaa upande wa pili, na makaa hutupwa kwa ubavuni. Chini yake mitambo miwili inajizungusha kila mmoja kivyake. Ukisikiliza wakati wa kupanda, mapigo ya mvuke ya mtambo wa mbele na wa nyuma yanakwenda pamoja, yanaachana, kisha yanakutana tena.

Katikati hapo ndipo penye akili. Kwenye boila la kawaida tanuri liko nyuma. Mlimani maji yanahamia upande mmoja, na dari la tanuri likibaki bila maji, chuma kinaungua. Ndiyo maana huwekwa plagi ya madini ya risasi inayoyeyuka na kumwaga mvuke juu ya moto kabla ya balaa kubwa zaidi. Kwenye Fairlie ya pande mbili maji yanapanda ncha moja na kushuka ncha nyingine, lakini katikati, juu ya matanuri, kina kinabaki karibu kilekile. Adha yake ni mabomba. Mvuke lazima utoke kwenye boila lisilogeuka uingie kwenye mtambo unaogeuka, na viungio vinavyojikunja hapo ndivyo vinavyovuja. Tena, Fairlie za mwanzo kabisa zilikuwa na tanuri moja la pamoja, na mvuto wa hewa wa upande mmoja ukapigana na wa pili. Dawa ikawa kuyatenganisha. Mwezi Februari 1870 wahandisi waliotumwa na serikali ya Urusi walikuja kuitazama Fairlie iitwayo Little Wonder ikivuta hapa, na baada ya hapo reli nyembamba ikawa hoja ya dunia nzima.

Kwa wanaopanda: kaa kulia. Kushoto utaona vizuri milima wakati treni ikipita juu ya Cob, lile tuta la baharini lililokamilishwa na William Madocks mwaka 1811, lakini hizo ni dakika chache tu. Baada ya Penrhyn bonde lote la Dwyryd linafunguka upande wa kulia, chini kabisa ya dirisha. Tan-y-Bwlch treni inasimama, mara nyingi kupisha nyingine. Misitu ya mialoni hapa ni mizuri ya kupiga picha na mibaya ya kuendeshea treni: majani ya Oktoba yakisagwa juu ya chuma huwa kama mlenda.

Dduallt ndipo mteremko wa Spooner ulipovunjwa. Reli ilifungwa kabisa mwaka 1946, na watu wa kujitolea walipoifungua tena kuanzia 1955, serikali ilikuwa na mpango wa bwawa la umeme ambao ungezamisha njia ya zamani na mlango wa handaki. Basi walichimba njia mpya ya kilomita nne, kuanzia 1965 hadi 1978. Ili kuipandisha njia juu ya usawa wa maji waliizungusha: treni inapinda, inaendelea kupinda, kisha inavuka daraja juu ya reli ileile iliyopita dakika chache nyuma. Faida yote ya mzunguko huo ni mita 10.7. Mbele yake kuna handaki jipya, halafu bwawa la Tanygrisiau, ambalo maji yake husukumwa juu mlimani umeme ukiwa mwingi na kuachiwa wakati wa uhaba. Bwawa likipungua, angalia ukingoni: tuta la 1836 linajitokeza.

Blaenau Ffestiniog ilifikiwa tena mwaka 1982. Mji umezungukwa na vilima vya kijivu ambavyo si vilima: ni kifusi cha machimbo, kwani sehemu kubwa ya mwamba uliotolewa haikufaa kuezekea. Iliyofaa ilikatwa kwa vipimo vyenye majina ya mabibi wakubwa. Inchi 24 kwa 12 ni Duchess, 20 kwa 10 ni Countess, 16 kwa 8 ni Lady. Mji wa Hamburg ulipoungua mwaka 1842, mapaa mapya mengi yalitoka Wales. Tangu 2021 machimbo haya pamoja na reli yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Stesheni ni ya geji zote mbili, reli pana ya kwenda Llandudno iko jukwaa la pili, kwa hiyo unaweza kuendelea mbele bila kurudi. Nilirudi kwa njia ileile. Injini ilizungushwa mbele ya treni, dereva akaifungulia mvuke hadi tukatoka stesheni, na baada ya njia kuanza kuinama mapigo yakanyamaza. Kutoka Dduallt hadi karibu na Cob kilichosikika ni magurudumu kwenye viungio vya reli, na mlio mfupi wa breki kabla ya kila kona.