Mkuku wa boti na neno "sikukutuma"

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ufukwe wetu wa Kibirizi ulijaa boti zilizopandishwa nchi kavu. Sisi mafundi kazi ilikuwa tele, hela hakuna. Kila tajiri mwenye boti alikuwa na wimbo mmoja: nitengenezee, ziwa likifunguliwa nakulipa.

Na mmoja tulipatana nimbadilishie mbao tatu za ubavuni. Nilipozing'oa, nikachoma mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba boti nzima, kwa bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini. Ule mti ulikuwa umelainika kama muhogo uliolowekwa. Boti kama hiyo ikikutwa na mawimbi usiku, watu wanakufa. Nikampigia simu. Akasema, "Fundi, fanya unavyoona." Nikanunua mti wa mvule kwa pesa yangu, nikaupachika, nikakalafati, yaani nikaziba, mishono yote kwa pamba.

Septemba boti yake inashusha dagaa, nikaenda kudai. Za mbao alinilipa. Za mkuku akasema, "Sikukutuma."

Iliniuma sana. Nilikuwa naamini, kama wengi hapa Kigoma, kwamba pasipo karatasi na mhuri hapana mkataba. Si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inatambua makubaliano ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, walioridhia kwa hiari, kwa malipo halali na kwa jambo halali. Maandishi ni lazima pale tu sheria nyingine inapoyataka. Halafu kuna kifungu cha 70, ambacho natamani kila fundi akijue: ukimfanyia mtu kazi kihalali, hukukusudia kumpa bure, naye akafaidika nayo, anawajibika kukulipa fidia au kukurudishia. Huyu tajiri alikuwa akivulia mkuku wangu kila usiku wa giza!

Na madai ya mkataba yana muda wa miaka sita wa kuyafikisha mahakamani, kwa hiyo usikubali mtu akuambie umechelewa kwa sababu mwezi umepita.

Kazi kubwa ni ushahidi. Nilikwenda Mahakama ya Mwanzo, kesi ikaendeshwa kwa Kiswahili, sikuwa na wakili. Nilikuwa na kijana wangu, aliyeisikia ile simu kwa spika, na kipande cha mkuku uliooza nilichokuwa nimekihifadhi chini ya turubai. Nilipokiweka mezani kikamwaga unga wa mti. Yule tajiri alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba tuzungumze nje. Alinilipa kwa awamu mbili.

Siku hizi nikikuta ubovu nasimamisha kazi. Namwita mwenye boti aje auguse kwa mkono wake, tunataja bei, naandika kwenye daftari, anaweka sahihi. Wiki iliyopita mzee mmoja asiyejua kuandika alichovya dole gumba kwenye lami ya kazi, akaligandamiza chini ya maneno "mkuku mpya, mvule". Akaniomba nimsomee tena.