Kubebesha Parachichi Baada ya Kustaafu

Huku kwetu Tukuyu, mwalimu akishastaafu, swali la kwanza analoulizwa ni mradi gani anaanzisha. Kiinua mgongo hakijaingia benki, na tayari watu wamekwisha kumletea hesabu za kuku wa mayai, za bodaboda na za fremu za maduka. Sina ugomvi na kuku, lakini naamini kwamba mtu aliyefikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, ana haki ya kuwa na shughuli moja ambayo hakuna anayemdai faida yake. Shughuli yangu ni kubebesha miche ya parachichi nyuma ya nyumba, yaani kuunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine.

Mbegu ya parachichi haizai tunda linalofanana na lile ilikotoka. Ukila parachichi tamu la aina ya Hass ukaipanda kokwa yake, utasubiri miaka saba au zaidi, kisha mti utakupa tunda lake wenyewe, kubwa au dogo, la maji au la nyuzinyuzi. Ndiyo maana kokwa za kienyeji huoteshwa kwenye viriba ili zitoe mashina tu, na kila shina likishafikia unene wa penseli, linakatwa kichwa na kubebeshwa kikonyo, yaani kijiti chenye macho, cha mti ambao tunda lake unalijua. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, muda ambao hata mzee anaweza kuupangia.

Kazi yenyewe haihitaji nguvu, inahitaji utulivu na miwani. Vikonyo navikata asubuhi, naondoa majani na kuvifunga ndani ya gazeti lililoloweshwa, kwa sababu vikikauka ni kazi bure. Wembe naufuta kwa spiriti. Shina nalipasua katikati, kikonyo nakichonga pande mbili kiwe kama kabari, kisha nakiingiza kwenye mpasuko. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima: kati ya ganda na mti kuna utando mwembamba wenye rangi ya kijani kibichi, na utando wa kikonyo lazima ugusane na wa shina, angalau upande mmoja. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, usikiweke katikati ili kipendeze macho. Kisogeze pembeni mpaka maganda yalingane. Tena usikawie, maana parachichi likishakatwa hubadilika rangi upesi. Baada ya hapo nazungushia mkanda wa nailoni kwa kuukaza, na juu navisha kile kimfuko chembamba ambacho watoto huuziwa barafu, ili unyevu usitoke. Wiki tatu au nne baadaye macho ya kikonyo huvimba na kutoa jani la kwanza jekundujekundu, na kimfuko kinavuliwa. Machipukizi yanayotokea chini ya kiungo nayang'oa bila huruma, kwa kuwa hayo ni ya kienyeji na yakiachwa yatakimeza kikonyo.

Aina ya Hass yenyewe imetokana na mtu aliyekuwa akifanya kazi hii pembeni ya ajira yake. Rudolph Hass alikuwa msambazaji wa barua huko California, na mti wake wa kwanza ulitokana na kokwa tu. Inasimuliwa kwamba alijaribu kuubebesha aina nyingine ukakataa, akataka kuukata, lakini tunda lake likaja kuwapendeza watoto wake. Alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria juu ya aina hiyo, mwaka 1935, ila hakutajirika, kwa sababu aliyenunua mche mmoja aliweza kujizalishia mingine kwa wembe. Kila mti wa Hass ulioko Rungwe na Njombe leo ni kipande cha mti ule mmoja, ambao ulikufa mwaka 2002.

Kinachonivutia zaidi siku hizi ni kuweka aina mbili kwenye mti mmoja. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hujifunga, na kesho yake mchana hufunguka tena likiwa dume. La Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hufanya kinyume, jike mchana na dume asubuhi inayofuata, kwa hiyo moja linapotoa chavua jingine linakuwa tayari kuipokea, na nyuki wanamaliza kazi. Baridi ya huku, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500, huivuruga ratiba hiyo mara kwa mara, jambo ambalo mstaafu mwenye kiti na chai ana nafasi ya kulishuhudia.

Baridi ya Julai ikipungua nakusudia kuubebesha ule mti mkubwa wa kienyeji ulio karibu na jiko. Unakatwa matawi, vikonyo vinaingizwa kwenye visiki vyake, na shina linapakwa chokaa lisiungue kwa jua. Mke wangu alipinga, kwa sababu kwake yeye parachichi ni lile la kienyeji na hayo mengine ni ya wanunuzi wa nje. Bahati nzuri utaratibu wenyewe unataka tawi moja la zamani liachwe ili liendelee kuulisha mti mpaka vikonyo vishike. Kwa kawaida tawi hilo hukatwa baadaye, lakini hili limeshapata mwenyewe, na upande wa kuliacha amekwisha kuuchagua: ule unaoelekea mlango wa jiko.