Siku Moja na Mitego ya Panya Msituni Kibale

Saa 11 alfajiri. Kanyawara, kituo cha utafiti ndani ya msitu wa Kibale, Uganda, iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na baridi yake si ya mchezo. Hatungoji jua, maana panya aliyenasa usiku akicheleweshwa hufa kwa baridi. Kila mtego tumeuwekea pamba ya kulalia.

Saa 12 na nusu. Mitego yetu ni visanduku vya bati: panya akikanyaga kibati cha ndani, mlango unajifunga nyuma yake bila kumjeruhi. Tunamtia kwenye mfuko wa kitambaa, tunampima uzito, tunaandika jinsia, tunambana kipini chenye namba sikioni, kisha tunamwachia palepale aliponaswa.

"Kaka, huyu ana namba!" anaita mwanafunzi tuliye naye. Hao ndio ninaowafurahia zaidi.

Saa 3. Njiani tunakuta kitanzi cha waya. Kimetegwa kwa ajili ya paa na nguruwe mwitu, lakini waya hauchagui. Kibale kuna sokwe waliopoteza vidole, hata viganja, kwa vitanzi kama hiki. Nakikata kwa hasira.

Saa 8 mchana, hesabu. Tunakadiria idadi ya panya kwa kuwatia alama, kuwaachia, kisha kuona wangapi wenye alama wananaswa tena. Njia hii Petersen wa Denmark aliitumia kwa samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln wa Marekani kwa mabata mwaka 1930. Tuseme mzunguko wa kwanza umewatia alama panya 40. Wa pili umenasa 30, na 10 kati yao wana alama. 40 mara 30, gawanya kwa 10: wako 120 hivi. Lakini panya aliyeshikwa vibaya huogopa kurudi mtegoni. Wenye alama wakirudi 5 tu, hesabu inaruka hadi 240, na hao 120 wa ziada hawapo msituni, wametokana na mikono yetu mibaya. Wapo pia wanaozoea karanga wakarudi kila usiku, nao huishusha hesabu. Kwa hiyo kumshika panya kwa upole ni sehemu ya hesabu yenyewe.

Saa 11 jioni. Chambo ni karanga za kusaga na ndizi mbivu. Safu ya mwisho tunaikuta na kinyesi cha tembo, bado kinatoa mvuke. Tunageuza. Daftarini naandika "haikutegwa", nasimama juu ya mwanafunzi mpaka naye aandike hivyo, asije akaandika "tupu".